Mtungi wa Mama Nekesa

Mimi ni mwalimu wa fizikia, naishi Kware, na naomba msicheke kabla sijamaliza.

Tangu nigombane na Mama Nekesa wa ghorofa ya nne kuhusu kamba ya nguo, niliona wazi kwamba ananitafuta. Halafu akaweka mtungi wa lita ishirini kwenye ukuta wa balkoni yake, juu ya mlango wangu kabisa. Kwa nini pale, na balkoni ni ndefu?

Nikapiga hesabu. Kilo ishirini za maji, mara kumi ya mvutano wa dunia, mara mita kumi na mbili kutoka chini: jouli elfu mbili na mia nne, zote zinasubiri kichwa changu! Nikaanza kutoka nyumbani na helmeti ya pikipiki. Jumamosi nikawaita wapangaji uani, nikaandika hesabu ukutani kwa chaki, nikamtaka keateka, msimamizi wa jengo, amfukuze huyo mama.

Mama Nekesa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapanda kwake, akauinua mtungi kwa kidole kimoja, akaugeuza juu chini. Halikudondoka hata tone.

"Mwalimu," akaita kutoka juu, "si ni wewe juzi ulituongoza kwa landilodi, ukapiga kelele kwamba mifereji imekauka wiki nzima? Sasa mimi hayo maji ningeyatoa wapi?"

Ploti nzima iliangua kicheko. Nami nilikuwa bado nimevaa helmeti.