Theluji Isiyokanyagwa

Tarehe kumi na moja Februari, mwaka 2006. Theluji ilianguka mchana kutwa, nzito, bila upepo.

Jioni ilipokaribia, Nagase Tetsuji, kinyozi wa kijiji cha Kamisawa, alifunga duka akachukua kamera yake akaenda darajani. Tangu ujana wake alipiga picha za majira ya baridi hapo kijijini: wanawake wakisukuma theluji kwa makoleo, nguo zilizoanikwa zikaganda kama mbao, watoto na mabuti yao ya mpira. Siku hiyo alitaka nyumba ya Bi Fumie, mjane wa ng'ambo ya daraja, yenye paa la nyasi.

Ua wake ulikuwa mweupe, laini, hauna hata unyayo. Tetsuji alikwisha inua kamera ndipo akili ikamrudia. Bi Fumie huweka pipa lake la figili za kuchachusha katika banda la upande wa pili wa ua, na hali wali bila figili.

Akakatiza ua mpaka mlangoni. Mlango wa kusukuma kando ukakataa kusogea. Hapo akatazama juu paani, maana Kamisawa kila mtu anajua: milango ikianza kukwama, boriti zimeelemewa, paa linataka kupakuliwa theluji.

Dirisha likafunguka kidogo.

"Unanikanyagia ua, Tetsu," alisema Bi Fumie.

"Bibi, mlango huu umekwama tangu lini?"

"Tangu jana. Umezeeka kama mwenyewe."

"Na hukuita mtu?"

"Nimwite nani aje aharibu theluji ya watu? Mwenyekiti Ogata alikuja hapa akainama mpaka kiunoni kuniomba. Kesho wanakuja wapiga picha wa mjini. Kasema tusipakue paa, tusikanyage ua. Nikatae, kijiji kikose wageni kwa ajili yangu?"

"Na figili?"

"Wali na chumvi haujaua mtu."

Tetsuji alimtoa kupitia dirishani, akamwongoza kwenda kulala kwake. Alipogeuka nyuma, alimwona kikongwe yule akirefusha miguu yake mifupi ili akanyage mle mle alimokanyaga yeye, asiongeze alama nyingine uani. Akamwacha kwa mke wake, akatoka tena.

Alimkuta Ogata kwenye ukumbi wa kijiji, juu ya ngazi, akifunga bango la kukaribisha wageni.

"Mlango wa Bi Fumie umekwama," alisema Tetsuji.

Nyundo ya Ogata ikasita. "Labda barafu imeshika reli."

"Mwenyekiti, umezaliwa hapa."

"Siku moja tu, Tetsu. Nyumba ya wageni ya kijiji ina hali mbaya, unajua mwenyewe. Paa lile limebeba theluji tangu enzi za babu yako."

"Lilibeba kwa sababu babu yangu alikuwa akilipakua."

Ogata akashuka. "Wewe una wivu. Picha zako nani anazitaka? Makoleo matupu, na suruali za ndani za wazee kwenye kamba."

"Ndiyo. Kuna watu wanaishi huku."

"Wageni hawaji kutazama watu. Wanakuja kutazama theluji."

"Basi wapeleke mlimani. Kule theluji haina mtu wa kumfukia."

"Subiri wapige picha, nitapanda paani mimi mwenyewe."

"Ungekuwa na mama yako mle ndani, ungesubiri?"

Ogata alirudi juu ya ngazi yake, akaendelea kugonga msumari ambao ulikwisha ingia.

Giza lilikwisha tanda, na juu ya paa lenye theluji hapandi mtu gizani. Tetsuji akarudi nyumbani. Bi Fumie alikuwa anakula figili za mke wake, akilalamika kwamba hazina chumvi ya kutosha.

Asubuhi yake Tetsuji aliiacha kamera mezani, akachukua koleo na kamba. Aliiburuta ngazi katikati ya ua, si pembeni, akapanda. Basi la wageni lilipofika, nusu ya paa ilikuwa wazi, na Ogata alisimama barabarani akiwainamia wageni na kuomba radhi. Mmoja wao, mwenye kamera kubwa, akamwomba Tetsuji kwa adabu apishe kidogo, amwachie angalau upande uliobaki.

Tetsuji akachomeka koleo upande huo, akasukuma. Bonge likaporomoka uani, na mlango chini yake ukatoa mlio, ukalegea.