Usukani wa Pembe za Kondoo Ulivyonipitisha Ukweni

Aibu hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wakwe zetu wa Kitahana, maana wao wanaitia chumvi. Mimi ni mtu niliyejijenga kwa maharage, shule niliiacha darasa la nne na leo nina nyumba ya tofali za kuchoma hapa Busunzu, kwa hiyo siku ya kwenda kumposea mwanangu Edisoni nikaona siwezi kufika ukweni na baiskeli yenye usukani wa kunyooka kama ya kila mtu. Kasulu, kwenye mitumba, nilikuwa nimenunua usukani ule wa mashindano, uliopinda kwenda chini kama pembe za kondoo, na vishikio vyake vya breki, nikaufunga mwenyewe (fundi wa nini, mimi niliyewahi kufungua mashine ya kusaga na ikarudi kunguruma), nikazunguka uani, breki zikashika kwa mbali, nikasema waya mpya zitazoea.

Mke wangu akanitazama nilivyoinama. "Baba Edisoni, unakwenda kuposa au unatafuta sindano?"

"Hii ndiyo staili, mama."

Nikafunga dumu la pombe ya ndizi kwenye keria, maana ukweni huendi mikono mitupu, nikatangulia, Edisoni nyuma na baiskeli yake. Kwenye mteremko wa kuingia Kitahana nikabana breki, vishikio vikaja mpaka vikagusa usukani na gurudumu halina habari (baadaye nilielewa kwamba vishikio vya aina ile vinavuta waya kidogo mno kwa breki zangu). Na wenyewe walikuwa wamejipanga njiani kunipokea, baba wa binti mbele, wanainama na kupiga makofi taratibu, "Mwidiwe! Mwidiwe!", na salamu hiyo kwetu unasimama, unainama, unapiga makofi, unaitikia mpaka iishe, hata kama nyumba inaungua. Mimi nikapita. Kuinama nilikuwa nimeinama, ila ni kwa sababu ya usukani, na kofia imenifunika macho.

"Mbona hasalimii?" nikasikia mama mmoja.

"Tajiri huyo," akajibiwa.

Nilisimamia kwenye turubai la mihogo waliyoanika. Dumu likapasuka, na mihogo ikanywa yote.

Edisoni alipofika akaiweka baiskeli chini, akainama, akawasalimu mmoja mmoja, bila haraka, mpaka makofi yakaisha yenyewe. Ndipo baba wa binti akanijia pale nilipokaa na unga kwenye ndevu.

"Bwana, pombe tuliisubiri sisi. Mihogo haikuomba."

Nikajipangusa unga, naye akaendelea:

"Binti tutampa huyu kijana, anajua kusimama. Wewe utarudi siku nyingine, kwa miguu, utusalimie."

Nilirudi, na dumu jingine, nikisukuma baiskeli yenye usukani wangu wa zamani, na ndivyo nitakavyofika ukweni mpaka nife. Ule wa pembe za kondoo alibaki nao baba wa binti, anafungia mbuzi. Nami siku hiyo ya kurudi nilisimama juu kabisa ya mteremko, nikaiegemeza baiskeli kwenye mti, nikaanza kupiga makofi hukohuko kabla hata hawajaniona.