Mchezo wa Giza

Udongo wa mfinyanzi ukilowa una harufu yake, ubaridi uliochanganyika na mizizi iliyooza, na mimi nikiinusa hata leo hugeuka nyuma haraka kama mtu aliyehisi anatazamwa. Juzi mvua ya kwanza ilipolowesha bonde nyuma ya nyumba yangu hapa Sumbawanga, niligeuka hivyo tena. Hapakuwa na mtu.

Aliyekuwa akinitazama ni baba, zamani, tulipokaa Kasense. Mimi nilikuwa sijaanza shule, na mdogo wangu Deo alikuwa bado anajikwaa kwenye kizingiti. Baba alikuwa dereva wa lori, akipandisha dagaa kutoka Kasanga kupitia Matai. Siku moja alirudi na begi lake la nguo na blanketi lake la safari, akatuambia lori limechoka, na yeye atapumzika nalo. Tangu hapo mama ndiye aliyetoka alfajiri kwenda kuuza maharage sokoni Majengo, na baba akabaki nasi. Alisonga ugali wa ulezi, akatufulia, akanisuka nywele mistari iliyokwenda upogo, nami nikatembea nayo kwa majivuno. Wanaume waliopita na majembe begani walimtania: "Bwana, mkeo amekuachia na kanga?"

"Ameniachia na mwiko," alijibu. "Karibuni mle."

Sisi tuliona ni neema. Hakuna mtoto mwingine mtaani aliyekuwa na baba mchana kutwa. Tulichota udongo bondeni tukafinyanga ng'ombe, kanisa, na lori lenye magurudumu ya magunzi. Kisha baba akaanza kututaka tufinyange watu. "Nifinyangieni mama yenu," alisema. Tukimaliza, alifumba macho akaupapasa ule uso mdogo, pua, paji, kidevu, akatikisa kichwa. "Mama yenu ana kidevu kirefu kuliko hiki. Mkono nao una macho, msiudanganye."

Nyakati nyingine alituketisha mlangoni, kwenye mwanga, akatutazama tu. "Resti, geuka kidogo. Rudi. Sasa cheka." Nilicheka. Yeye hakucheka. Alitazama mpaka Deo akaanza kulia bila sababu, na mimi nikaona haya nisiyoijua ilikotoka.

Lakini mchezo alioupenda kuliko yote tuliuita Giza. Alijifunga macho kwa kanga ya mama, sisi tukasimama popote ndani ya nyumba, kimya, naye akatutafuta. Sheria ilikuwa moja: usiseme, usicheke, baba mwenyewe ndiye atakayejua. Alitembea kutoka mlangoni hadi kwenye ndoo za maji, kutoka ndoo hadi kitandani, midomo ikicheza kama anayesali rozari. Akitufikia alitushika uso, akatamka jina. Kosa lilikuwa kusogeza vitu. Siku Deo alipohamisha kigoda na baba akajigonga, alipiga kelele ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, kisha akaketi chini, akamkumbatia Deo muda mrefu kuliko kosa lenyewe.

Ikafika asubuhi moja ya Juni. Baridi ya Ufipa mnaijua, upepo unaopita mpaka chini ya mlango. Baba alikuwa ameingiza jiko la mkaa ndani tuote moto, juu yake sufuria ya maharage ikichemka. Alitoka kuleta mkaa, akarudi, akasimama katikati ya chumba. Hakuwa na kanga usoni. Macho yake yalikuwa wazi, yakinielekea mimi.

"Deo yuko wapi?" aliuliza.

Deo alikuwa mbele yake, karibu kabisa na jiko, akinyoosha mkono kuushika mpini wa mwiko uliochomoza kwenye sufuria. Nikajua ni Giza. Nikabana pumzi, nikanyamaza, nikijisifu moyoni kwamba safari hii sitacheka.

Baba alinyoosha mikono, akapiga hatua moja. Akageuza kichwa, akisikiliza. Uso wake ulibadilika, ukawa uso nisioujua, na nilimwogopa kama mgeni aliyevaa nguo za baba.

"Resti. Mwanangu, sema. Leo hatuchezi."

"Yuko mbele yako," nilisema. "Mkono wa kushoto. Anashika mwiko."

Alijirusha. Mkono wake mmoja ulimnyakua Deo, mwingine ukaangukia sufuria, na maharage yakamwagika juu yake mpaka kwenye kiwiko. Hakulia. Alimpapasa Deo kichwa, shingo, tumbo, miguu, akiuliza, "Wapi? Umeungua wapi?" Deo alikuwa mzima, analilia tu mwiko wake.

Mama aliporudi jioni alimkuta baba ameketi, mkono umefungwa kitambaa. Alitua kapu lake polepole.

"Umewaambia?"

"Bado."

"Basi waambie, Baba Resti. Huyu mkubwa ameshaona."

Akatuambia, kwa maneno ya kitoto, kwamba macho yake yanazimika. Hospitali walishamwambia ni presha ya macho na kwamba kilichopotea hakirudi. Ndiyo maana aliacha lori mapema, kabla hajamgonga mtoto wa mtu. Kabla ya mavuno mengine hakuona hata jua.

Nyumbani hapakuharibika kitu. Alijua kila kona. Na sisi tulijua kusema kushoto na kulia kabla ya kujua kusoma. Niliona wakati huo kwamba baba alikuwa mjanja tu, amejifunza nyumba mapema. Kilichonichukua miaka kukielewa ni kule kututazama mlangoni.

Niliporudi kutoka chuoni, mwanamke mzima, nilipiga magoti nikamwambia, "Shikamoo baba." Alinishika uso kama zamani, mara ya kwanza tangu tuache kucheza Giza. Vidole vikasimama. Vikarudi kwenye paji, vikashuka tena.

"Huyu ni nani?" alimuuliza mama kwa sauti ya chini.

Sauti yangu aliijua, jina langu alilijua. Lakini mtoto aliyemtazama pale mlangoni na kumweka kichwani miaka yote ile alikuwa na pengo la meno ya mbele na kovu bichi gotini, na hakuwahi kukua hata siku moja. Mpaka anafariki, baba alizungumza na mtoto huyo. Mimi nilikaa kando ya kitanda, nikiitikia kwa niaba yake.