Jogoo wa Mtani Wangu

Wenzangu wa darasa chuoni walipangiwa fildi Zegereni, kwenye viwanda, wakawa wananitumia picha za wali wa bure na kofia ngumu za njano. Mwingine alipelekwa Dutumi, kwa familia iliyomlisha hadi suruali zikamkataa. Mimi, mtoto wa Kwa Mathias pale Kibaha, niliyezoea kulala na honi za mabasi ya mikoani, nilipangiwa kijiji cha ndani huko Kisarawe, ambako mtandao wa simu ulipatikana kwa kusimama nyuma ya msikiti na kuinua mkono. Nilinuna njia nzima. Hasira zangu ziko karibu, na nilikuwa mwaka wa pili wa chuo, umri ambao mtu hununa kwa ufundi.

Aliyekomesha kununa kwangu ni mama aliyenipokea nyumbani kwake. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaotengeneza unga wa muhogo, mwanamke mpana, mcheshi, asiyejua kusema kwa sauti ya chini. Kabla sijatua begi alishaniwekea muhogo wa nazi na kipande cha samaki.

"Kula, mwanangu. Huko chuo mnakula karatasi tu."

Nikala. Nikaongezwa, nikala tena. Kufikia jioni nilikuwa nimesahau Zegereni iko upande gani.

Kazi yangu ya fildi nilielezwa na afisa maendeleo ya jamii wa kata, bila kuzungushwa. Kikundi kilikuwa kimeahidiwa mashine ya kuchakata muhogo na mradi mmoja wa wahisani. Mashine ipo, ila haishushwi mpaka kikundi kiwe na kiwanja kando ya barabara, mahali pa kujenga banda. Mwezi ukiisha bila kiwanja, mashine inakwenda kijiji kingine kinachoisubiri.

"Kiwanja kilikuwepo," alisema. "Mzee mmoja alishakitoa kwa mdomo wake. Sasa amekataa, na hasemi kwa nini. Mtendaji kaenda, imamu kaenda, wote wamerudi mikono mitupu. Wewe si mgeni? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Jaribu."

Ukitaka kujua mashine ile ilikuwa na maana gani, ungewatazama wale akina mama vidole. Walikwaruza muhogo kwenye bati lililotobolewa kwa misumari, tangu asubuhi hadi adhuhuri, huku wakiimba ili wasisikie maumivu. Siku ya kwanza nikajifanya na mimi naweza. Nilitoa nusu bakuli ya muhogo na vidole viwili vinavyovuja damu, nao wakacheka mpaka mmoja kanga ikamfunguka. Niliwapenda hapo hapo. Kuanzia siku ile niliitaka mashine kuliko nilivyotaka alama za fildi.

Mara ya kwanza nilikwenda kwa mzee kwa adabu zote. Mama mwenyeji alinisindikiza hadi kwenye ua wa makuti, akabaki amesimama barabarani. Nikaingia peke yangu. Mzee alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kofia ya kudariziwa, amekaa kwenye kigoda anasokota kamba.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Nimekuja kwa habari ya kiwanja."

"Kiwanja hakipo."

"Babu, si kile pale kinaonekana?"

"Kinaonekana kwa mwenye nacho," akasema, akaendelea kusokota kamba yake.

Nilirudi nimevimba. Nikaenda nyuma ya msikiti, nikainua mkono, nikampigia baba huko Kwa Mathias, kwenye duka lake la mchele na asali ya Tabora, ili nipate mtu wa kumlalamikia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Huyo mzee kabila gani?"

"Mzaramo. Wa hapa hapa."

Baba alicheka mpaka nikasikia mteja wake anauliza kuna nini. "Mzaramo! Na wewe mtoto wa Kinyamwezi umekaa unambembeleza kama unaomba kazi? Huyo ni mtani wako! Mababu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo, walikuwa wakipita kwa hao hao. Wametaniana tangu hapo. Nenda kamchukulie kuku."

"Nikaibe kuku, baba?"

"Mtani haibi. Mtani anachukua, mchana kweupe, mwenyewe akiangalia. Halafu mwenye kuku anakuja kumkomboa. Hapo ndipo mtaongea."

Utani nilikuwa naujua kwa kuuona misibani tu, watani wa baba wakizuia jeneza wakidai wapewe chao kwanza, waliofiwa wanalia na kucheka kwa pamoja. Sikuwahi kuufanya mwenyewe. Lakini mwezi ulikuwa unayoyoma. Asubuhi iliyofuata niliingia uani kwa mzee bila kupunguza mwendo, maana ningepunguza ningegeuka.

"Shikamoo babu. Mimi ni Mnyamwezi."

Mikono yake ikasimama juu ya kamba. "Mnyamwezi wa wapi?"

"Baba wa Tabora. Mimi nimezaliwa Kibaha."

"Ala! Kumbe mpagazi alitua mzigo Kibaha, akashindwa kurudi kwao?"

Nikasogea karibu. "Angerudi vipi, babu, na nyinyi Wazaramo mlimwambia asubiri mdundiko uishe? Mpaka leo ngoma inapigwa."

Macho yake yalicheka. Mdomo bado. "Na wewe umefuata nini?"

"Jogoo."

Jogoo mwenyewe alikuwa mwekundu, shingo haina manyoya, anatembea pale uani kama yeye ndiye mwenye nyumba. Nikamrukia. Akanipita ubavuni. Nikamrukia tena, nikapiga teke ndoo, maji yakamwagika, nikateleza, nikaanguka kifudifudi kwenye vifuu vya nazi. Nilipoinua uso, jogoo alikuwa amesimama juu ya kinu ananitazama. Mimi na hasira zangu za karibu tukainuka pamoja. Sasa lilikuwa jambo langu na yule ndege.

"Siyo hivyo!" Mzee alikuwa ameshasimama. "Mbane kule kwenye kona ya choo! Kushoto! Kushoto, we mpagazi, mkono wa kulia huo!"

Mwishowe ni yeye mwenyewe aliyeziba njia kwa mkongojo, nami nikamdaka jogoo kwa mabawa. Nilipogeuka, mzee alikuwa ameshika mbavu, anacheka bila sauti, machozi yanamtoka.

"Mchukue," akasema alipopata pumzi. "Lakini nakuja kumkomboa. Na nitakutukana mpaka Tabora wasikie."

Mama mwenyeji aliponiona naingia na jogoo kwapani, alishika kichwa kwa mikono miwili. "Huyo si jogoo wa mzee? Basi tena! Maji yamezidi unga. Mashine tumeikosa na kijiji tutahama."

Nikamweleza. Akanisikiliza mdomo wazi, halafu akanipiga bega kwa nguvu zake zote.

"Mnyamwezi! Na siku zote umekaa humu ndani kimya, unakula muhogo wangu? Mbona hukusema? Ningeanza kukutukana mapema!"

Mzee alikuja baada ya swala ya alasiri, kanzu nyeupe, mkongojo mkononi. Akina mama wa kikundi walikuwepo pale kwetu, wamezunguka lundo la muhogo wanamenya. Walipomwona wakafunika vichwa na kuamkia. Yeye akaniandama mimi.

"Jamani, nani kamwona Mnyamwezi mwizi? Mfupi, miguu imejaa majivu, anakimbizwa na kuku badala ya kumkimbiza? Chuo kikuu gani hicho kinafundisha watu kuanguka?"

Nilijibu niwezavyo, kwamba Mzaramo asingejua kukimbia kwa sababu hajawahi kuwahi popote. Walicheka mpaka visu vikawekwa chini. Sikumbuki siku nyingine nilipotukanwa nikafurahi kiasi kile.

"Haya, mtani," mzee akasema akijifuta uso. "Sema unataka nini nimpate jogoo wangu."

"Kiwanja cha kando ya barabara."

Kicheko kikakatika. Nilisikia jogoo akijitikisa ndani ya tenga.

"Kuku na ardhi havilingani," mzee akasema polepole.

Hapo mjukuu mwenye adabu angenyamaza. Lakini mtani hakatazwi kuuliza, nami nikauliza. "Basi niambie, babu. Hawa mama wamekukosea nini?"

Hakunitazama mimi. Alitazama lundo la muhogo. "Kikundi hiki kilianzia uani kwangu. Mke wangu ndiye aliyewaita. Kila siku ua umejaa watu, nyimbo, kelele, mimi nalalamika kwamba silali mchana. Alipofariki walikuja, wakalia, wakapika, tukasoma arobaini. Baada ya arobaini, ua ukawa mtupu. Hakurudi hata mmoja. Nikasema, kumbe walikuwa wanamfuata yeye, mimi si mtu. Halafu wananitumia mtendaji aje kuuliza kiwanja."

Mama mwenyeji, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alizungumza kwa sauti ya chini.

"Mzee wetu, tungeingiaje? Nyumba haina mwanamke. Wake za watu tuingie uani kwa mwanaume aliyefiwa na mke, tukae, tuimbe? Watu wangesema nini juu yako? Tulikuwa tunakustahi."

"Mlikuwa mnanistahi?"

"Wallahi. Kila tukipita hapo barabarani tunaulizana, mzee leo amekula nini?"

Mzee alijishusha akaketi kwenye ukingo wa mkeka, katikati ya maganda. Akavua kofia, akaishika mapajani.

"Mimi nilitaka kelele," akasema.

Hakuna aliyejua aanze na kulia au kucheka. Mama mmoja akaanza kucheka, mwenzake akaanza kulia, kisha wakabadilishana. Mimi nilifanya yote mawili. Niliona uchungu kwamba watu waungwana kiasi kile walikuwa wameumizana kwa heshima, kila mmoja upande wake wa ua, na kwamba ilihitajika mtu asiye na heshima aje na kuku kwapani.

"Kelele unataka?" mama mwenyeji akasema, sauti yake imerudi mahali pake. "Utazipata. Utaomba po."

Kesho yake waliingia wote kwa pamoja, mlango wa ua umeachwa wazi, na mabati yao, mabeseni yao na nyimbo zao. Jogoo tulimla palepale. Mzee alipewa paja, akalalamika limekauka kwa kuwa limepikwa na Mnyamwezi, akaomba la pili. Kabla ya siku kuisha alikwenda mwenyewe kwa mtendaji, akarudi naye kando ya barabara, akakipima kiwanja kwa hatua zake ndefu, na alipofika mwisho akaongeza kidogo.

Banda lilijengwa na waume wa wanakikundi, kwa matofali ya kufyatua, na mashine ikaja ikiwa imefungwa kamba kama ng'ombe wa mnada. Siku ya kuiwasha kijiji kizima kilikuwa barabarani. Walimtaka mzee abonyeze kitufe. Akakataa, akasema hiyo ni kazi ya wanawake wenye vidole vyao. Mama mwenyeji akabonyeza, mashine ikanguruma, muhogo wa beseni zima ukatoka umesagika kabla watu hawajamaliza vigelegele. Nilimwona mama mmoja amesimama tu, anaviangalia vidole vyake kwa mshangao, kama amerudishiwa kitu.

Foleni ilipokaribia kwisha, mzee akaja. Alikuwa amebeba beseni begani, kanzu imechafuka udongo mwekundu. Akalitua mbele ya mashine. Ndani mlikuwa na mihogo minene, myeusi, yenye nyuzi, na hata mimi wa Kwa Mathias niliona kwamba haikuwa mihogo ya kula. Muhogo ukiachwa ardhini kupita wakati wake hugeuka kuni.

Fundi aliyekuja kuifunga mashine alitikisa kichwa. "Hiyo itaniharibia meno ya mashine, mzee. Ya wapi hiyo?"

"Ya shambani kwake," mzee akasema. "Alipanda yeye. Sikuwa na mikono ya kuichimba."

Fundi hakuelewa ni nani, lakini akina mama wote walielewa, nami nikaelewa: marehemu mke wake.

"Washa," mama mwenyeji akamwambia fundi.

Waliimenya kwa panga, kwa sababu kisu hakikupita. Mashine iliguna, ikakohoa, ikatema nyuzi huku na huko, fundi amefumba macho. Beseni lote lile lilitoa muhogo mweupe wa kujaza viganja viwili. Mama mwenyeji aliukinga wote, hakuacha hata chembe, akaumwaga ndani ya beseni kubwa la kikundi, juu ya ule wa wengine, akauchanganya kwa mkono mpaka usionekane upi ni upi.

"Haya," akasema. "Na yeye yumo."

"Yumo," mzee akaitikia. Akakunja mikono ya kanzu yake na kuuliza maganda yanatupwa wapi.