Baki Hivyo Hivyo, Mama

Harufu ya tope la zamani, lile lililolala chini ya maji mpaka likawa jeusi, hainipeleki kwingine ila kijijini kwetu Vudee, kwenye ndiva yetu, bwawa la kumwagilia mashamba. Baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, lilipolia, kila nyumba ilitoa watu wa kulizoa tope lile, hata sisi watoto na ndoo zetu. "Msaragambo hauna mgeni," walituambia. Aliyefika pale alifanya kazi.

Kijana mmoja mpiga picha kutoka mjini hakulijua hilo. Alikuja na kamera ya filamu nyeusi na nyeupe, akasema anatafuta maisha ya kila siku. Akamwona mama yangu, kanga kuukuu kiunoni, tope hadi magotini.

"Shikamoo, mama. Naomba nikupige picha."

"Marahaba, baba. Ngoja basi ninawe, nikavae gauni."

"Hapana, mama, baki hivyo hivyo. Ndivyo inavyopendeza."

"Inampendeza nani?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mama akampa jembe. Angekataaje, kijiji kizima kikimtazama? Aliweka kamera juu ya jiwe, akakunja suruali, akaingia. Alichimba kama mtu anayeogopa kuiumiza ardhi. Alipotoka, tope limemjaa mashavuni, mama alikuwa keshaishika kamera.

"Sasa nikupige wewe. La, usinawe, baba. Baki hivyo hivyo, mama yako akuone."

Kijana alicheka, lakini mkono wake ulipanda wenyewe ukafunika uso.

Mama akamrudishia kamera, akapanda nyumbani. Alirudi na gauni lake la Jumapili, lenye maua, akasimama ukingoni mwa ndiva na kumkazia macho. Safari hii kijana hakumwelekeza kitu. Akapiga.

Miaka baadaye, nikiwa chuo kikuu, mwalimu alitufundisha kwamba picha ya kweli ni ya mtu asiyejiandaa. Nikauliza, kweli ya nani? Akasema nina ubishi. Ninao.

Utotoni nilidhani mama alilionea tope aibu. Sivyo, alilizoa mchana kweupe, mbele ya wote. Alichokataa ni mgeni wa saa moja kumchagulia ipi kati ya siku zake ndiyo ya kweli. Gauni lile alilishona mwenyewe, akalifua, akalipiga pasi ya mkaa kila Jumamosi jioni. Hayo nayo yalikuwa maisha yake ya kila siku, hata kama hayamtii mtazamaji huruma.