Kujombisha Mizani

Nyumbani kwetu, mtu akirekebisha kipimo kizima mpaka kikaanza kusema uongo, huambiwa amekijombisha. Saa ya ukutani hujombishwa, mizani ya viazi hujombishwa, hata redio. Wajukuu wangu hudhani ni Kiswahili cha shuleni. Wapi! Neno hilo limetokana na mjomba wangu, enzi za Mwingereza, alipokuwa mfagizi wa zahanati moja milimani, juu ya Lushoto.

Kabla ya hapo mjomba alikuwa akikamua ng'ombe kule Kwai. Huko waliweka kwanza ndoo tupu kwenye mizani, wakarudisha mshale kwenye sifuri, ndipo wakamimina maziwa. Basi alipotuona kina mama tukipanda na ile baridi, watoto wamefungwa mablanketi, akatuonea huruma: nesi si atapima blanketi badala ya mtoto? Alfajiri moja akaweka blanketi kwenye mizani ya watoto, akazungusha skrubu mpaka mshale ukawa sifuri, akaliondoa. Mshale haukuweza kushuka zaidi, ukatulia palepale kama haujaguswa. Kumbe nesi huwavua watoto kila kitu kabla ya kuwapima.

Siku hiyo mimi nilitangulia. Mwanangu niliyembeba alikuwa wa pili. Wa kwanza nilikuwa nimemzika. Nesi akatazama mshale, akasema, "Mama, mtoto amepungua." Nikakaa chini na kulia mbele za watu.

Aliyenifuata naye wake amepungua. Kisha akaja mwanamke na kibonge chake, mashavu yamefunika macho. Kapungua! Mwanamke akaangua kicheko. "Nesi, huyu apungue wapi? Mgongo wangu unamjua."

Nesi akaweka pakiti ya sukari kwenye mizani. Mshale haukutikisika.

"Ni mimi," mjomba akasema, ufagio mkononi. "Nilitoa uzito wa ndoo."

"Mzee, ndoo gani tena?"

Alipoeleza, chumba kizima kilicheka, naye akacheka. Mimi bado.

Skrubu ikarudishwa. Mwanangu akawekwa tena, analia kwa baridi. "Ameongezeka," nesi akasema, "tena sana."

Nikamwomba apime mara nyingine. Akaniuliza kama siamini. Niliamini. Nilitaka tu kusikia tena.