Wimbo wa Beseni

Mume wangu alirekodi wimbo mmoja tu maishani mwake, na katika wimbo huo ananiosha miguu. Nasema hili mapema ili asiyetaka kusikia aishie hapa.

Alikuwa fundi wa mbao mjini Migori na mwalimu wa kwaya katika kanisa letu la Wasabato. Mimi nauza samaki sokoni. Wakati wa mvua narudi nyumbani na matope hadi kwenye vifundo, magamba yamekauka juu ya vidole. Tangu tulipooana, yeye ndiye aliyeniletea beseni barazani. Alikaa kwenye kigoda akaniosha polepole, huku akivumisha tenori ya wimbo wowote waliokuwa wakijifunza wiki hiyo. Hakuwahi kuniingiza ndani kwanza. Waliopita njiani waliona.

Wimbo ulitokea hapo. Aliurekodi katika chumba kilicho nyuma ya duka la simu, na mwenye studio akamwambia mtindo wake unaitwa soul. Ni kinanda, gita kidogo, na sauti yake. Aliyezoea ohangla, muziki wa ngoma wa Wajaluo, angengoja ngoma ianze mpaka wimbo uishe. Ubeti wa kwanza unasema tu: kaa hapa, siku imekuwa ndefu, nipe miguu yako niioshe. Mpenzi anatajwa katika ubeti wa pili, na pale hakuna wa kukosea, kwa sababu ananuka samaki na anacheka akiguswa nyayo.

Akauweka mtandaoni, akawapelekea na watu wa redio. Mtangazaji alimjua kama mwalimu wa kwaya. Na kanisani kwetu hutawadhana miguu kabla ya Meza ya Bwana, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Basi alisikiliza mwanzo tu, akaamini ni wimbo wa ibada hiyo, akaupiga Sabato asubuhi katikati ya nyimbo za dini. Jirani yetu alikuwa amefungua redio kwa sauti ya juu huku akijiandaa kwenda kanisani. Ubeti wa pili ulipoanza, redio ilizimwa.

Sokoni wauza samaki wenzangu waliningoja.

"Mama, leo umeoshwa ama umekuja hivyo hivyo?"

"Nimeoshwa. Na wewe?"

"Wangu akiona beseni anadhani nimemletea chakula."

Tulicheka. Wale hawakuniumiza. Wapo waliouweka kwenye simu zao, wakawa wanaupiga huku wakipanga samaki. Walioniumiza ni wazee wa kanisa, waliokuja nyumbani jioni moja na nyuso za kikao.

"Mwalimu," mkubwa wao alisema, "umechukua agizo la Bwana ukalipeleka chumbani."

"Si chumbani, mzee. Ni hapa barazani, hapo ulipokaa."

Mzee alisogea kidogo kwenye kiti. Wakamwambia auondoe wimbo kwenye mtandao au aache kwaya. Akaacha kwaya. Kila Sabato alikaa benchi la nyuma, akaimba tenori kutoka huko, na wanakwaya wakawa wanageuza shingo kuitafuta ile sauti.

Kisha figo zake zikakataa kufanya kazi. Katika hospitali kule Homa Bay miguu yake ilivimba hata viatu vikawa havimwingii, na zamu ya beseni ikawa yangu. Nilimwosha mpaka mwisho. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliniuliza kama mimi ni nesi.

Tulimpeleka kwao Rusinga. Siku moja kabla ya mazishi, yule mzee alinijia akiwa na mama mkwe. Kwaya imeutengeneza upya wimbo wake, akasema. Mpenzi sasa ni Mwokozi, na yale magamba ya samaki yamekuwa dhambi. Watauimba kaburini kama heshima kwa mwalimu wao.

"Hapana," nikasema.

"Nyar Suna," mama mkwe akaniita, kwa maana kwao mimi ni msichana kutoka Suna, "niachie mtoto wangu azikwe kama mwanamume."

"Mama, alikuwa mwanamume hata alipokuwa ananiosha."

"Watu wanacheka."

"Wacheke. Na kama kwaya wataimba hayo maneno, nitasimama mbele ya wageni niseme ni uongo. Mimi nampenda Mwokozi. Lakini matope ya soko la Migori niliondolewa na mtoto wako."

Mama mkwe alijifunika uso kwa leso. Mzee alinitazama kama mtu ambaye amekanyagwa na ng'ombe wake mwenyewe.

Kesho yake hawakuuimba. Zamu ya mjane kusema ilipofika, sikuwa na hotuba. Nimesoma kidogo, na maneno ya kusomea watu sina. Nilisema aliniosha miguu miaka yote ya ndoa yetu, na kwamba atawaeleza mwenyewe. Nikaweka simu karibu na kipaza sauti.

Wengine waliinama. Mwanamume mmoja aliondoka hemani, na sikuangalia alikokwenda. Ubeti wa pili ulipofika, nilisikia kwaya ikivumisha nyuma yangu. Tuni walikuwa wameijua kwa kujifunza yale maneno yao mengine. Sasa walifunga midomo, maneno wakamwachia yeye. Mzee aligeuka kuwatazama, na hawakunyamaza.

Mama mkwe hajanisamehe. Tukionana ananisalimu kwa mkono tu, na mimi naupokea. Kanisani wameniomba tena niruhusu wimbo ule wa Mwokozi urekodiwe, ati mwalimu akumbukwe. Niliwaambia anayekumbukwa huko simjui.

Nikitoka sokoni natoa beseni lile lile barazani, nakaa kwenye kigoda chake, najiosha mwenyewe. Simu naiweka dirishani, wimbo ukiwa juu. Yule jirani akipita hunisalimu huku akitazama mbele. Namjibu, na sauti sipunguzi.